Gari Lisilo na Mlio

Gari la Stellah halikuwa na mlio, kwa hiyo simu ya Boke ndiyo iliyolisikia kwanza. Ilitetemeka juu ya kioo cha meza, katikati ya chaja na vifuniko vya kuuza, ikajisogeza kidogo kama mende aliyepinduliwa, kisha ikaandika neno moja: Imeunganishwa. Boke hakuinua kichwa. Aliendelea kukwangua kutu katika tundu la simu ya mteja, akangoja. Mara pua nyeupe ya gari ikachomoza penye kona ya duka la unga, taratibu, bila kishindo, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi.

"Mke wa ng'ombe zako huyo," alisema Jenipher, muuza vitenge wa kibanda cha pili. "Leo kavaa na miwani ya jua. Hata ng'ombe wangemshangaa."

"Nimemwona," Boke alijibu, ingawa hakuwa amemwona. Alikuwa amemsoma.

Pale Nyasho, mtaani Musoma, kila mtu aliijua habari ya ng'ombe hao, kwa sababu Boke hakuwa ameificha. Yeye alipoolewa Bunda, mifugo iliyoingia katika zizi la baba yake huko Butiama haikukaa hata ikazoea malisho. Ilitolewa tena, ikapelekwa kwa kina Stellah, ili Werema, mdogo wake wa kiume, apate mke. Ndivyo ilivyokuwa kwao: binti huolewa, na ng'ombe wake wakamwoa wifi yake. Miaka ilipogeuka michungu, na mume wa Boke akazoea kunyoosha mkono kabla ya kunyoosha maneno, wazee walimkalisha kitako wakamwambia kwa upole unaoua: "Ukirudi nyumbani, ng'ombe watadaiwa. Na ng'ombe wakidaiwa, Stellah atakwenda wapi?" Boke akakaa. Alikaa hadi mume yule alipofukiwa, ndipo akaja Musoma na begi moja, akajifunza ufundi wa simu. Ndoa ya Stellah aliilipia mara mbili: kwa mifugo, kisha kwa mgongo wake mwenyewe.

Na Stellah alikuwa amenawiri katika ndoa hiyo kama mboga iliyopandwa karibu na kisima. Alikuwa nesi Bunda. Werema alikuwa machimboni Geita, na kutoka huko alimtumia mkewe gari la umeme, kuukuu lililotoka ng'ambo, lakini safi. Alimtumia pia kifaa kidogo kama kiberiti, cha kuchomekwa chini ya usukani. Kifaa hicho kilizungumza na simu kwa bluetooth, kikaieleza siri zote za gari: joto lake, uchovu wake, na afya ya kila seli ya betri.

Boke alikumbuka vizuri siku ambayo siri hizo zilimfikia. Miezi michache nyuma, Stellah alikuja na uso wa wasiwasi. Katika kioo cha mbele ya usukani ilikuwa imewaka taa ya njano yenye umbo la kobe, na gari lilikataa kukimbia.

"Wifi, wewe ndiye unayezijua simu," alisema. "Hebu ongea nalo. Mimi limenigomea."

Boke aliingiza programu katika simu yake, akapiga magoti mlangoni pa gari, akakitafuta kifaa, akaingiza namba ya siri. Seli za betri zikajitokeza kwenye kioo kwa safu ya mistari ya bluu iliyosimama pamoja kama mahindi ya shamba moja. Yote ilikuwa na kimo kimoja, isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa umedumaa, kama hindi lililoota kivulini. Boke aliuona. Alijua maana yake, kwa kuwa betri ni betri, iwe ya kujaa kiganjani au ya kukaliwa na watu wanne.

Alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Hapo Stellah akasema, kwa furaha isiyo na hila: "Mama ndiye aliyenituma kwako. Juzi nilipokuwa kwake aliniambia, usihangaike na mafundi, nenda kwa Boke."

"Juzi ulikuwa kwa mama?"

"Juzi, na Jumapili ile nyingine. Huwa napita."

Huwa napita. Boke aliyarudia maneno hayo moyoni, yakamkwaruza kama mfupa wa sato kooni. Yeye, mtoto wa kwanza wa tumbo lile, mara ya mwisho alifika lini Mwitongo, nyumbani kwao Butiama? Kwenye kioo cha simu, kidole chake kilishuka juu ya neno Futa. Taa ya kobe ikazimika.

"Hamna kitu," alisema, akajipangusa magoti. "Kobe kakimbia."

Stellah alicheka hadi akashika ubavu, akamwachia mfuko wa sato wabichi. Kabla hajaondoka Boke alibadilisha namba ya siri ya kifaa, akamwambia Stellah kwamba simu aliyo nayo haipatani na gari hilo, asijisumbue. Tangu siku hiyo gari la Stellah lilikuwa na msikilizaji mmoja tu.

Na msikilizaji huyo alisikia mengi. Gari lililotoka Bunda asubuhi, lililokula njia yote ile, lilipaswa kufika Nyasho likiwa na njaa. La Stellah lilifika limeshiba. Mahali fulani katikati ya safari lilikuwa limelishwa, na Boke hakuhitaji shule kubwa kujua ni wapi. Mama yake hakuwa akimpigia simu kwa jambo jingine siku hizi ila moja: "Boke, mwanangu, umeme umeisha." Naye Boke, hata akiwa na mteja, aliacha kila kitu akanunua umeme wa LUKU, akausoma kwa sauti namba kwa namba, mama akibofya mita. Lilikuwa pendo lake, pendo la tarakimu. Alijiuliza bibi mmoja, redio moja na taa mbili wanaumalizaje umeme wote ule. Sasa alijua. Ulikuwa unapanda gari la Stellah. Ng'ombe wake walikwenda, miaka yake ikaenda, na sasa ndama wa watu alikuwa ananyonya hata kile kilichobaki.

Leo Stellah alishuka, akavua miwani, akakunja goti kidogo kama desturi inavyomtaka mke kumwamkia mwenye ng'ombe wake. Boke aliipenda heshima hiyo, na akajichukia kwa kuipenda.

"Sikai, wifi. Nimepita kukusalimu tu, naelekea kwa mama. Nalala huko, alfajiri nimchukue nimpeleke Bunda."

"Kufanya nini?"

Stellah alisita. Alitazama vitenge vya Jenipher, akatazama viatu vyake. "Macho. Yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari anayesafisha anakuja kesho tu, na wakishafunga orodha ni mpaka mwakani. Nilidhani... nilidhani unajua."

Jenipher alianza kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari.

Mama alikuwa anapofuka, na habari hiyo imefika Bunda, imezunguka, imerudi Nyasho kwa gari lisilo na mlio. Boke alihisi kitu cha moto kikimpanda kifuani. Hakikuwa huzuni. Laiti kingekuwa huzuni.

"Naenda nawe," alisema, akashusha mlango wa kibanda.

"Vizuri, shoga!" Jenipher alimpigia kelele kwa nyuma. "Kapande ng'ombe zako angalau siku moja!"

Walitoka mjini. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya dawa ya hospitali na ya ndizi mbivu. Barabara ilipita chini yao kama kitambaa kinachovutwa. Boke alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili, mistari ya bluu ikicheza juu yake.

"Mbona unaishika simu kama yai?" Stellah aliuliza.

"Nasubiri mteja."

"Wateja wako wana bahati. Mimi nikikupigia hupokei."

Walipopita Makutano wakakata kuelekea Butiama, ardhi ilianza kupanda, na mawe makubwa yakajitokeza kando kama migongo ya wanyama waliolala. Hapo mstari ule mfupi ukaanza kunywea. Mingine ilishuka kwa adabu, huo ulizama. Tarakimu ya betri ikaporomoka ghafla, na gari likavuta pumzi, likalegea kidogo, kisha likajikaza. Boke aliigeuza simu kifudifudi pajani, akaifunika kwa khanga.

"Hapa mlimani huwa linachoka," Stellah alisema. "Siku za mwanzo nilikuwa naogopa. Lakini wewe si ulisema halina kitu?"

"Nilisema."

"Basi."

Lilikuwa neno dogo. Stellah alilisema kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake na kumwachia jirani ufunguo. Boke aliangalia nje. Kesho alfajiri gari hilo lingepita tena njia hizi, na katika kiti alichokalia yeye angekuwa mama, amefunga kilemba chake cha kanisani, hajui kwamba daktari wa mwaka mzima anategemea seli moja iliyodumaa. Ningali na nafasi ya kusema, alijiambia. Na sauti nyingine ndani yake, kali na ya zamani, ikauliza: useme ili Stellah asifiwe tena kwa kumfikisha?

Mwitongo walikuta jua limeanza kulegea. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji chini ya dirisha la jiko, na mapajani ameuviringisha waya mrefu wa umeme, ameushika kama mtu anayeshika kamba ya ndama. Simu ya Stellah iliita, ni wodini. Akabaki ndani ya gari akijibu, kioo kimefungwa. Boke akashuka peke yake.

Mama aligeuza uso kuelekea palipofungwa mlango wa gari. Macho yake yalikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyoachwa usiku kucha. Hakumwangalia Boke. Aliangalia mahali ambapo Boke alikuwa.

"Leo umechelewa," alisema. "Haya, chomeka kwanza. Tutasalimiana likiwa linakula."

Boke alifungua kinywa. Kwa mama, anayeshuka katika gari lisilo na mlio ni Stellah siku zote. Masikio ya mama hayakuwa na sababu ya kufikiri mtu mwingine. Angeweza kusema, ni mimi. Hakusema. Wivu una masikio makubwa kuliko aibu. Akaishika ncha ya waya.

"Uji upo," mama aliendelea. "Sikuupika mapema, maana ukiwahi kuunywa, utawahi kuondoka. Ee, hili gari lako nililipenda tangu siku ya kwanza. Yale mengine yanakujaga yananguruma, mtu hajakanyaga chini vizuri, yananguruma tena, kwaheri mama. Hili likishika soketi haliendi. Na mwenye gari haendi!" Alicheka, mwili wote ukacheka. "Nikasema Mungu naye ana akili. Kaleta gari la kukaa."

"Umeme..." Boke alinong'ona.

"Umeme si wa Boke? Nikimpigia unaingia kabla sijakohoa. Mtoto mwema yule, usisikie watu. Lakini umeme wake unaingiaga kwenye mita, yeye haingii mlangoni. Anakujaga na pikipiki, nayo haizimwi. Nikitaka kumshika mkono, dereva anapiga honi. Sasa mimi nifanyeje? Umeme hauongei. Nikaona heri umeme wa Boke nikupe wewe, ukae, unisimulie yuko vipi huko mjini." Akashusha sauti. "Na habari ya macho usimwambie. Atatuma hela ya miwani, halafu atasema, mama, tayari."

Upepo ulipita, ukatikisa mabati ya jiko. Boke alisimama na ule waya mkononi kama mtu aliyekamatwa nao. Alikuwa amekuja kukamata mwizi. Na mwizi alikuwa mama, na kilichoibwa ni saa chache za kukaa na mtu.

Mama alinyoosha mkono kuupokea mkono wa mkwewe. Akaushika. Kidole gumba chake kikapita juu ya ncha za vidole, polepole, kikagusa makovu madogo magumu ambayo ncha ya moto ya kuunganishia nyaya huwaachia mafundi wa simu. Kikasimama.

"Boke?"

"Ni mimi, mama."

Mama hakuuachia mkono. Uso wake ulisikiliza, ukaipeleleza njia nzima hadi barabarani. "Pikipiki iko wapi?"

"Sikuja nayo."

Kisha mama akausukuma waya kuelekea kwake. "Chomeka, basi," alisema. "Chomeka, mwanangu."

Boke alipitisha waya dirishani, akauchomeka jikoni, ncha ya pili akaishikiza garini. Stellah alikuwa amekwisha shuka, na sasa walisimama wawili upande wa pili wa gari, mama akipuliza moto jikoni na kugongagonga masufuria kuliko ilivyohitajika.

"Lete simu yako," Boke alisema.

"Si ulisema haipatani?"

"Lete."

Katika simu yake mwenyewe alibonyeza: Sahau kifaa hiki. Ikamwuliza kama ana hakika. Mashine nayo huuliza mambo. Akabonyeza tena, kisha akamtajia Stellah namba ya siri: moja, tatu, sifuri, sita.

Stellah aliandika tarakimu mbili, akasita. Ng'ombe kumi na watatu. Mbuzi sita. Alikuwa msichana aliyechungulia dirishani siku ile walipoingizwa uani kwao.

"Wifi," alisema. "Hawa si..."

"Ndio hao. Malizia."

Mistari ya bluu ikapanda juu ya kioo cha Stellah. Aliitazama kama anavyotazama kipimo cha mgonjwa, na jicho lake la kinesi likaenda moja kwa moja mahali penye ugonjwa. "Huu mfupi?"

"Seli inayokufa. Siku yoyote mlimani gari litasimama. Kesho usimpakie mama."

"Umeiona leo, njiani?"

Uongo ulikuwa tayari, umenyooka, umepigwa pasi. Boke aliuona na kuuacha. "Niliiona siku ile ya kobe."

Mabati yalilia kwa upepo. Stellah hakupaza sauti. Alipoongea, ilikuwa chini zaidi kuliko kawaida, ili mama asisikie. "Jumapili nilimpeleka kanisani na gari hili. Mvua inanyesha. Kwa nini, Boke?" Hakusema wifi.

"Ulisema juzi ulikuwa kwa mama."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Stellah alitazama upande wa jiko. "Unajua huwa tunaongea nini hapa mchana kutwa?" alisema. "Wewe. Boke alipokuwa mdogo, Boke alivyovumilia. Ng'ombe za Boke. Nakunywa uji, nakusikiliza wewe. Hata siku moja hajaniuliza mimi nililia lini." Alifuta kioo cha simu kwa upindo wa gauni, ingawa kilikuwa safi, akatafuta namba, akampigia Revocatus mwenye gari la kukodi pale Butiama, akamwomba aje kabla ya jogoo. Akasema watakuwa wanawake watatu. Boke alilisikia neno hilo, watatu, na hakuthubutu kulishika sana.

Wakakaa benchini, mama katikati, kila mmoja na kikombe chake. Uji ulikuwa wa ulezi, mzito, wenye ndimu. Gari lilikula kimya mbele yao. Mama alisimulia habari ya jirani aliyeuza fahali akanunua runinga, na sasa fahali huyo anamwona kwenye ndoto tu. Wakacheka, kila mmoja upande wake. Jua liliyashukia mawe. Mara mama akaacha kucheka, akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu kilichokwisha.

"Limeshiba?" aliuliza.

Kwa mazoea Boke aliitoa simu yake. Kioo kilikuwa cheusi. Hakikuwa na gari, hakikuwa na mistari, kilikuwa na uso wake tu. Akageuka kumtazama Stellah. Stellah alikuwa ameinamia simu yake, mwanga wa bluu kidevuni. Aliitazama muda mrefu. Kisha akainua macho, yakapita juu ya kilemba cha mama, yakamkuta Boke, yakatulia juu yake bila urafiki na bila uadui.

"Bado, mama," alisema.

"Ah," mama akajibu, akajiegemeza ukutani. "Basi mwongezeeni Boke uji."

Boke akakinga kikombe. Hakujua kama ni kweli bado halijashiba.